Nilizionea Wivu Maski za Vita za Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, au thelathini na tisa, sina uhakika. Mama yangu alisema nilizaliwa mwaka ule nzige walikula mpaka mlango wa kanisa. Shule nilisoma Kitale, Kenya, tulikokimbilia wakati wa vita. Niliingia darasa la pili, mwalimu akaniangalia, mimi nikamwangalia, tukakubaliana nirudi nyumbani. Kwa hiyo naandika vile naongea. Mnivumilie.

Jina langu ni Keji. Nauza chai na mandazi hapa Juba, soko la Jebel. Mandazi yangu moja ukiiangusha, mlima Jebel Kujur unatingishika! Watu wanakuja kwa chai lakini wanabaki kwa hadithi zangu. Mimi naweza kukuhadithia vile kuku alivuka barabara, ukalia.

Lakini hii ya leo si ya kuku. Hii inaniuma, na naisema nikiwa nimekaa chini...

Mume wangu anaitwa Wani. Ni fundi wa tairi kule Sherikat, karibu na daraja, pale malori ya Uganda yanapumzika. Mpira anaujua kama daktari anavyojua damu. Akigusa tairi anakwambia imezeeka miaka mingapi na imechomwa na jua la wapi. Ni mwanaume mzuri, mrefu, hapigi mtu, hanywi. Shida yake moja tu. Haongei! Tukae pamoja kutoka Krismasi mpaka Pasaka, maneno yake yote yanaenea kwa kijiko cha chai.

Tulikuwa na miaka tisa kwa ndoa. Mtoto hatukupata. Hapo sitaongeza utani.

Sasa huyu Wani alikuwa na ugonjwa wake. Maski za gesi! Zile za jeshi za zamani sana, za vita vya Waingereza na Wataliano, mpira mweusi au wa kahawia, macho mawili ya kioo na bomba refu kama mkonga wa ndovu. Madereva wa malori walishajua. Wakiona moja kwa mtu wa vyuma chakavu, au mtu akichimba msingi wa nyumba huko Torit akaitoa na matope, wanamletea Wani. Moja ilitoka Kenya, kwa stoo ya mzungu aliyekufa. Hiyo ilikuwa ya vita vya kwanza kabisa vya dunia, ndani yake kuna kibano cha kubana pua! Nikasema, haki, wazungu waliteseka.

Ile ya kwanza alirithi kwa babu yake. Basi. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Zilifika tisa ndani ya chumba chetu. Tisa! Ukiamka asubuhi unaangaliwa na macho kumi na nane. Nikivua nguo najiona niko mbele ya kamati. Siku moja nilimwambia Wani, "Hizi sura zako zitoke kwangu leo. Ama zitoke, ama mimi nitoke, na mimi ndiye najua kupika."

Akazipanga kwa gunia vizuri, moja moja kama mayai, akaenda nazo. Sikuuliza alizipeleka wapi. Nilishinda! Nikapiga vigelegele peke yangu mpaka mbuzi wa jirani akakimbia.

Ndiyo ulikuwa mwanzo wa kuharibikiwa kwangu...

Miezi ikaenda. Nikaanza kuona vitu. Kila Ijumaa Wani anafunga kazi mapema. Anaoga, anavaa shati safi. Anarudi jioni, ananuka... poda ya mtoto! Wasomaji, poda ya mtoto mchanga! Siku nyingine nikashika mfuko wake, ndani kuna kopo la poda jipya na vitambaa laini vya pamba, vile vya kumfungia mtoto.

Mnajua mwanamke asiye na mtoto anasikiaje akishika kitu kama hicho? Nikakaa sakafuni na kopo kwa mkono. Nikaona mtoto. Nikaona mama wa mtoto. Mimi kwa akili yangu nilishamaliza kumpa mtoto jina na kumpeleka shule!

Sikumuuliza Wani. Kwa nini sikumuuliza? Hilo swali nitakufa nalo.

Ijumaa iliyofuata nikamwachia jirani chai yangu, nikapanda boda, nikamfuata. Alienda Hai Jalaba. Kuna nyumba za zamani hapo, za matofali mazito, ndani baridi kama kisima. Akaingia duka la fundi nguo mmoja, mwanamke wa Uganda anaitwa Nakato. Mjane, mweupe kidogo, meno kama alinunua mapya. Wakapita mpaka chumba cha nyuma.

Mimi nikazunguka. Dirisha lilikuwa na wavu. Nikaweka jicho.

Mtoto hakuna! Kulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza zile sura tisa. Wani anapitisha brashi laini, polepole, anatoa vumbi kwa macho ya kioo. Anapangusa mpira na kitambaa chenye maji kidogo, anaacha ukauke hapo hapo kivulini, halafu anapaka poda ya mtoto ili usigandane. Mwisho anajaza vitambaa vya pamba ndani, mpaka shavu linasimama na paji la uso linasimama, unaona kama mtu.

Si ningefurahi? Si ningecheka, niingie, niseme malesh, samahani mume wangu nilidhani una mtoto?

Ningeingia, kama nisingesikia sauti. Wani alikuwa anaongea! Wani wangu! Anaongea kama redio iliyowekewa betri mpya! Anamwambia Nakato kwamba babu yake alivaa maski ile akienda kupigana na Wataliano upande wa Habesha. Kwamba babu alikufa msituni kwenye vita vyetu wenyewe vya kwanza, vya kusini na kaskazini, kaburi halijulikani, picha hata moja haiko. Kwamba mpira ule ulikaa usoni kwake mpaka ukashika umbo lake, hapa kwa taya, hapa kwa paji. "Nikijaza kitambaa," akasema, "namwona. Ndiyo picha yangu."

Na Nakato anamsikiliza, mkono kwa shavu. Akasema, "Eh, ssebo! Huyu mzee wako alikuwa na kichwa kikubwa kama yangu!" Wakacheka. Wani akacheka mpaka akashika meza...

Miaka tisa, mimi mcheshi wa soko zima, sijawahi kumchekesha hivyo.

Halafu nikaona kitu cha kumaliza kabisa. Kila maski ilikuwa na foronya yake nyeupe, na Nakato alishona maua juu. Maua mekundu na ndege wawili. Kwetu Juba mwanamke anadarizi maua na ndege kwa shuka la nyumba yake. Shuka la kuolewa nalo! Hushonei vitu vya mume wa mtu. Nakato Mganda, pengine aliona tu ni urembo wa sokoni. Lakini mimi nilisoma pale kama barua: huyu mwanaume wangu.

Wasomaji, kama ingekuwa ni mwanamke tu, mimi najua kupigana. Nina mikono ya kukanda unga. Lakini nilikuwa nashindana na nani? Na raba! Na mdudu mwenye macho ya kioo! Nilirudi Jebel wivu unanichemka mpaka nikatia chumvi kwa chai ya watu. Walikunywa, waliogopa kusema.

Nikapiga hesabu ya kijinga. Huyu Nakato anapendwa kwa sababu anazitunza. Basi mimi nitazitunza kumshinda. Nitazing'arisha mpaka Wani aseme, Nakato ni nani?

Wani akasafiri kwenda Nimule, mpakani, kuchukua tairi. Siku nne. Hiyo siku ya kwanza mimi huyo Hai Jalaba, na beseni kubwa la kufulia.

Nakato akanipokea vizuri. "Karibu nnyabo! Wewe ndiyo mama ya nyumba? Mzee anakusifu, ati mandazi yako inashiba siku mbili."

Nikamwambia nataka ufunguo wa chumba cha nyuma, nachukua maski nikazisafishe. Akasita. "Lakini mzee alisema hiyo vitu haitoki nje. Jua mbaya, mafuta mbaya. Hata kule kazini kwake hawezi kuweka, moshi na girisi..."

"Wewe!" nikamwambia. "Unanifundisha mimi vitu vya bwana yangu?"

Akainamisha macho. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima. Bado naiona hiyo mikono.

Nikafika nyumbani. Sasa sikilizeni ujinga wangu. Bibi yangu mzaa mama alitunza kila kitu kwa mafuta ya lulu, yale mazito ya njano yanayotoka kwa mbegu za mti wa porini. Mtoto akizaliwa, lulu. Ngozi ya ngoma ikikauka, lulu, halafu jua, inakunywa mafuta, inakuwa laini kama mpya. Mimi nikasema, maski ni nini? Si ni ngozi ya uso tu? Poda ni ya nini? Poda inakausha! Huyu Mganda anazikausha!

Nikazitoa vitambaa vya ndani, nikaziosha na maji ya moto na sabuni ya unga. Nikazisugua. Nikazipaka lulu ndani na nje, zikang'aa kama bibi harusi. Ile ya babu nikaipaka mara tatu, kwa sababu ni ya babu. Niliipenda wakati naipaka, naapa. Halafu nikazianika juu ya bati la rakuba, kile kibanda changu cha chai. Mwezi wa tatu, Juba! Bati linakaanga yai bila moto!

Zikakaa siku mbili. Wateja wanauliza, "Keji, hawa ni wageni kutoka wapi?" Nasema, "Ni mashemeji, wanaota jua." Soko lilicheka!

Siku ya tatu nikapanda kuzitoa.

Mungu wangu...

Zilikuwa zimevimba na kulegea kama papai lililosahaulika. Ukigusa, kidole kinabaki. Bomba la ile ya zamani sana lilikatika vipande kama mkaa. Ya babu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Kioo cha jicho moja kilidondoka. Nikavuta, shavu likabaki limeshika bati! Nusu ya uso ikaja nami, nusu ikabaki juu, inaangalia mbinguni.

Nilikwangua na kisu cha kukatia unga. Nalia nakwangua. Halafu nikafanya nini? Nikaenda kwa Wani nimwambie? Hapana. Nikazifuta, nikazisukuma hivyo hivyo ndani ya foronya zake za maua, nikazirudisha, nikapanga kwa meza. Nakato alikuwa anashona nguo za kwaya, hakuangalia. Nikamwachia ufunguo. Akasema, "Asante mama, umefanya kazi."

Ijumaa Wani akarudi, akapita kwanza Hai Jalaba. Nilijifanya nimewaletea mandazi, nikasema watu wa soko walinielekeza, nikakaa hapo hapo dukani kwa Nakato.

Alianza na ya babu. Akaweka mkono ndani ya foronya, akasimama. Akautoa mkono, ulikuwa mweusi unanata. Akafungua yote. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele! Alishika kile kipande kwa mikono miwili, akajaribu kukisimamisha, kikaanguka. Akajaribu tena, kikaanguka.

"Nakato, nini imefanyika hapa?"

Nakato akaangalia, akashika mdomo. Halafu akanigeukia mimi. "Uliza mama. Ni yeye alichukua."

Na hapo, wasomaji, ndipo nilipouza roho yangu.

Nikasema, "Mimi?" Nikaangalia nyuma kama kuna Keji mwingine. "Mimi sijawahi kugusa hizo vitu! Wani, si unajua ninavyoziogopa? Nilizifukuza hata kwangu! Huyu mwanamke ameziharibu, sasa anataka kuvunja nyumba yangu!" Na machozi nikaleta. Machozi yalikuja haraka, maana ya kweli yalikuwa yamejaa tayari.

Wani akamwangalia Nakato. Akaniangalia mimi. Miaka tisa sikuwahi kumdanganya kitu kikubwa. Akachagua mkewe.

"Kalas, imetosha," akamwambia Nakato. "Nilikuamini na uso wa babu yangu. Toa mkono wako kwa vitu vyangu, na salamu yako pia toa." Alisema kwa nguvu. Watu wa maduka yote ya upande ule walitoka kuangalia.

Nakato akaendelea kushika ile nguo ya kwaya, sindano imesimama.

Nilishinda tena! Na nyinyi mnanijua sasa, mimi nikiwa na hadithi siiachi ndogo. Nikaipeleka kwa chai. Jumatatu Nakato aliharibu maski kwa uzembe. Jumatano alizimwagia tindikali. Jumamosi alikuwa mchawi, anachukua nyuso za wafu anapeleka Uganda! Watu walisikiliza vikombe mkononi. Utani wangu wa miaka yote ulikuwa wa kuchekesha watu. Huo ulitembea kwa miguu yake mpaka Hai Jalaba. Kina mama wa kwaya wakachukua vitambaa vyao. Wateja wakapita upande wa pili wa barabara. Kabla mvua kuanza, duka la Nakato lilikuwa na kufuli.

Na Wani? Nilimpata? Ha! Alileta yale mabaki nyumbani, na mimi sikuthubutu kukataa. Kila akitoka kazi anakaa nayo mlangoni, poda hapa, viraka vya tairi pale, anajaribu. Hasemi. Hata yale maneno machache ya zamani yaliisha. Nikitania, anatingisha kichwa kwa adabu. Mwanaume niliyempigania alikuwa mbele yangu, na hakuwa hapo.

Jumapili moja tumetoka kanisani, akaniita. "Keji, nisaidie. Weka mkono ndani, ushikilie hapa, nibandike."

Nikaweka mkono ndani ya uso wa babu yake. Mpira ulikuwa baridi, unanata kwa vidole. Yeye anapaka gundi polepole, ameuma ulimi kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kichwa chake karibu na changu. Miezi mingapi hakuwa karibu hivyo! Ningenyamaza dakika tano tu, pengine angeniambia kitu. Pengine angeanza kunihadithia na mimi.

Nilishindwa. Nikasema, "Wani, ni mimi. Nilizipaka lulu, nikazianika juani. Nilikuona unacheka na yeye."

Gundi ikadondoka. Nilingoja anipige, na hajawahi kunipiga. Aliuliza swali moja.

"Na Nakato?"

"Nilidanganya."

Akatoa mkono wangu ndani ya maski, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akaosha mikono. Akaenda Hai Jalaba kwa mguu, jua lote lile. Alikuta kufuli. Jirani wa duka alimwambia mama alirudi kwao Uganda, hakuacha namba.

Aliporudi alisema maneno mengi kuliko miaka yote tisa, na sitasahau hata moja. "Mpira unakufa, Keji. Mimi ni fundi, najua. Hata ungeuacha, siku moja ungekufa tu mkononi mwangu. Hilo ningekusamehe kabla ya chai. Lakini umenifanya nimfukuze mtu asiye na kosa, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu. Hiyo nitaipaka poda gani?"

Akachukua nguo zake na lile gunia, akaenda kulala kazini kwake Sherikat. Huu ni mwezi wa saba tangu aondoke. Jumapili anakuja, anakula, anasema asante, anasimama. Asante! Kama mimi ni hoteli!

Wasomaji wenzangu, wanawake kwa wanaume, nawaomba. Kama mwenzako ana kitu anakipenda na wewe hukielewi, njiwa, stempu, mpira wa miguu, hata maski mbaya yenye mkonga, vuta kiti ukae. Muulize, hii ni ya nani? Ilitoka wapi? Mimi niliona wivu juu ya hadithi ambayo mimi mwenyewe niliifukuza mlangoni. Kile kiti alichokaa Nakato kilikuwa changu! Kilikuwa wazi miaka tisa!

Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje. Kosa la mafuta lilikuwa la siku mbili. Kosa la mdomo mpaka leo sijajua mwisho wake uko wapi.

Siku hizi kila mteja akikaa kwa rakuba yangu namwambia hii habari yote kabla sijamwekea sukari. Wengine hawaamini, wanasema Keji amezoea kuongeza. Ndiyo maana nimeileta kwenu, mahali inaandikwa, nisiweze kuipunguza wala kuiongeza. Kama uko Masaka, au Kampala, au popote huko, na ukakutana na fundi nguo anaitwa Nakato aliyekuwa Hai Jalaba, msomee hii. Na nyinyi wa kwaya mliochukua vitambaa vyenu, sikieni vizuri. Nakato hakuharibu kitu. Alinipa ufunguo kwa mikono miwili.

Ni mimi.